Breki za gari zero kilomita zilivyonitesa miezi nane, shoorumu na fundi wa Ipogolo

Nilijiahidi hili suala likiisha nitaliandika lote, maana wakati nahangaika nilitafuta sana mtu aliyepitia kitu kama hiki akaelezea kwa Kiswahili sikumpata, wengi wanaongelea breki za gari za yadi zilizotembea laki na nusu huko Japani, mi yangu ilikua na kilomita elfu nne na mia tatu tu ndo imeanza. Kwa hiyo haya ni maoni yangu kuhusu sehemu mbili, gereji ya shoorumu niliponunulia gari hapa Dar, na fundi mmoja mzee kule Ipogolo, Iringa. Jina la shoorumu na aina ya gari siweki. Nachotaka mtu aondoke nacho ni tatizo lenyewe, lilikua nini, na mimi niliongea nao vipi mpaka likatatuliwa.

Nilinunua mwezi wa nne mwaka jana, gari mpya kabisa, ya juu, otomatiki, petroli, zaidi ya milioni tisini, nusu akiba yangu ya miaka nane na nusu mkopo wa benki ambao bado nakatwa mpaka leo. Ndugu zangu wote walinishauri nichukue ya yadi nibaki na hela, kaka yangu ndo alisema mpaka akachoka. Mi sababu yangu ilikua moja, nasafiri sana peke yangu Dar kwenda Mafinga kumfuata mama anayekuja kliniki Muhimbili kila baada ya miezi mitatu, ni kama kilomita 580 kwenda tu, na nilishawahi kulala porini na gari ya zamani pale katikati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Sikutaka tena. Nilitaka gari ambayo kitu kikiharibika kuna mtu aliyesaini karatasi kwamba atatengeneza, waranti miaka 3 au kilomita laki moja, kinachotangulia.

Na niseme ukweli gari yenyewe ni nzuri. Inatulia barabarani, AC inapoza haraka hata ukiwa umeiacha juani pale Kariakoo, mafuta inakula kidogo kuliko nilivyotegemea, taa zake usiku zinaona mbali. Sijawahi kulalamikia injini wala gia hata siku moja.

Mwezi wa sita nikiwa naenda Mafinga, nimeshapita Morogoro, nakaribia geti la hifadhi ya Mikumi pale unapotakiwa upunguze mwendo kwa sababu ya wanyama, nikakanyaga breki nikiwa kwenye 100, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Sio sana, kama simu iliyowekwa vaibresheni. Nikaachia, ukatulia. Nikakanyaga tena, ukatetemeka, na mguuni nahisi pedeli inanirudishia, tu-tu-tu-tu, kadri gari inavyopungua mwendo na ile midundo inapungua kasi. Nikajua ni tope kwenye rimu au tairi imepoteza balansi. Nikafika Iringa nikaweka balansi tairi zote nne, nikaosha, wapi, kitu kiko pale pale.

Hapo niongezee jambo ambalo sikulijua wakati ule: mtetemo unaokuja muda wote ukiwa mwendo kasi, hata hujagusa breki, huo mara nyingi ni tairi au balansi. Ukija pale tu unapokanyaga breki, ukiachia unaisha, hiyo ni breki, na ukiusikia kwenye usukani ni za mbele. Ningelijua hilo nisingetoa hela ya balansi.

Nilisubiri sevisi ya kwanza ya kilomita 5,000 mwezi wa saba. Mapokezi ya hii shoorumu ni mazuri sana, siwezi kuwanyima haki yao, unapewa kahawa, kuna sehemu ya watoto, wanakuandikia jobu kadi kila kitu ulichosema, gari inarudi imeoshwa mpaka ndani. Kaka wa mapokezi akaniambia, "Dada usijali, gari mpya hiyo, pedi hazijakaa vizuri, zitazoea zenyewe." Nikamuuliza zinazoeaje, akasema niwe nakanyaga kawaida tu. Kwenye jobu kadi wakaandika "breki zimekaguliwa, ziko sawa". Walikagua vipi sijui, maana dereva wao alizunguka nayo mtaani, na mtaani kwenye foleni ya 30 ile kitu hujisikii kabisa, inataka 80 kwenda juu.

Wiki nne baadae nikarudi, safari hii nikagoma kukabidhi funguo mpaka fundi aingie na mimi kwenye gari. Tukatoka mpaka barabara ya Kibaha, ilipofika 90 nikamwambia kanyaga, akakanyaga, akanyamaza, akasema "eeh mama, ipo". Nilifurahi kweli, we acha tu, maana mtu akikuambia mara nyingi kwamba kitu hakipo unaanza kujishuku akili. Wakasema diski zimepinda (yale masahani ya chuma yanayozunguka na tairi, ambayo pedi zinayabana ukikanyaga breki), wakazitoa za mbele zote mbili wakazichonga, na hapo nikapewa maelezo kwamba diski hupinda ukiosha gari ikiwa ya moto, maji yanapiga chuma kilichochemka. Yani kwa lugha nyingine kosa ni langu. Wakanichaji kuchonga, wakasema diski na pedi ni vitu vya kuisha, haviko kwenye waranti. Nikalipa. Gari ikawa laini kama siku ya kwanza na mi nikasahau.

Kilomita elfu nne baadae ikarudi.

Mwezi wa kumi narudi na mama kutoka Mafinga, mtetemo ulishaanza tena tangu wakati wa kwenda, lakini siku hiyo kulikua na kitu kipya. Mnaoijua Kitonga mnaelewa ninachosema, ukitoka Iringa kuja Dar unaushuka ule mlima, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, mbele yako lori limebeba mbao linashuka taratibu na nyuma yako basi linataka kupita. Nilikua nimeweka gia namba mbili kama nilivyofundishwa na marehemu baba, kwamba mlimani gari ishikwe na injini na breki iwe ya kusaidia. Nikafika kona, lori mbele likapunguza, nikakanyaga breki, pedeli ikaingia ndani kuliko kawaida. Haikufika chini, ila ilienda ndani, moyo ukanipasuka, nikakanyaga mara ya pili ikawa juu na gari ikashika vizuri. Mama alikua amesinzia, akashtuka akauliza vipi mwanangu, nikamwambia hamna kitu mama. Mikono yangu ilitetemeka mpaka tunafika Ruaha Mbuyuni, nikapaki kwa wauza vitunguu nikanunua gunia zima ambalo hata sikulihitaji, nilitaka tu kusimama nje ya gari kidogo.

Hiyo ndo siku nilipoacha kulichukulia hili suala kama kero ya usukani.

Nikawapelekea kwenye sevisi ya elfu kumi, nikawaelezea pedeli ilivyoingia. Wakaangalia mafuta ya breki, hayajapungua, hakuna panapovuja, wakatoa upepo kwenye mfumo, wakabadilisha pedi za mbele (kwa hela yangu), wakaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari wakasema haina kosa lolote. Na kwa kweli kompyuta ilikua haina kosa, kwa sababu kompyuta ya gari inasoma sensa za ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu), haiwezi kukuambia chuma kimekaa upande. Mtetemo haukuisha hata wiki. Mwezi wa kumi na moja nikaenda na mume wangu, kuna namna mwanamke akienda peke yake gereji anaongeleshwa tofauti na mi nimeiona kwa macho yangu, yule yule kaka aliyekua ananiambia dada usijali akaanza kumuelezea mume wangu habari za diski ambazo mimi nilikua sijawahi kuelezwa. Mume wangu akamwambia mwenye gari huyu hapa. Baada ya majadiliano marefu wakakubali kubadilisha diski zote mbili za mbele, mpya za boksi, bure, "kwa hisani", wakasisitiza sio waranti. Kilomita 12,500 hiyo.

Ikawa laini tena. Na mimi tayari nilikua nahesabu. Nikaandika kwenye daftari kilomita za siku ile, nikasema tuone.

Mwezi wa kwanza, narudi kuwaona nyumbani baada ya sikukuu, kilomita 16,500, pale pale kukaribia Mikumi, tu-tu-tu mguuni. Elfu nne tena, karibu kamili. Nilisimama pembeni nikalia. Nikamaliza siku zangu Mafinga, wakati wa kurudi nikafika Iringa nikasema Kitonga sishuki na hii gari mpaka mtu aniambie ina nini.

Shemeji yangu anayeendesha lori ndo alinielekeza kwa mzee mmoja Ipogolo, ana gereji ndogo nyuma ya sehemu malori yanapolala, bati na nguzo za miti, sakafu kaisiriba saruji safi huwezi kuamini ni gereji. Zamani alikua fundi mitambo kiwandani. Nikamsalimia kamwene, akaitikia, akanikalisha kwenye benchi akaniambia nianze tangu mwanzo nisiruke kitu. Nilipofika kwenye elfu nne, elfu nne, akanikatisha, "Subiri. Wamechonga ikapona elfu nne. Wameweka mpya ikapona elfu nne. Habu wamepima?" Nikamwambia mzee sijui habu ni nini. Akasema basi hawajapima.

Akapiga jeki, akaweka stendi, akavua tairi la mbele kushoto, akatoa kalipa (kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski) akaining'iniza kwa waya isivute mpira wa breki. Halafu akarudisha nati zote tano akazifunga diski ikaze kwenye habu kama vile tairi lipo, akatoa kwenye kiboksi cha mbao kipimo kinaitwa dayali geji, kina uso kama saa na mshale, na kina kijiti kinachogusa diski. Akakifunga kwa sumaku, akaanza kuzungusha diski kwa mkono taratibu. Mshale ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi. Milimita 0.13. Akaenda kulia akapima vile vile, 0.03.

Nikamuuliza hiyo ni kubwa, mi naona ni hamna. Akang'oa unywele wake mmoja mweupe akanionyesha, akasema huu ni kama 0.07, sasa diski yako inacheza unene wa karibu nywele mbili, na inatakiwa isizidi kama 0.05.

Hajaishia hapo, na hapa ndo nilipomheshimu. Akafungua diski akaizungusha tundu moja mbele akafunga tena akapima, akafanya hivyo kwa matundu yote matano. Iliyokua ndogo kuliko zote ilikua 0.09. Akasema kama kosa lingekua la diski, ukiihamisha kosa linahama nalo, hili linabaki upande ule ule wa habu. Akatoa diski kabisa, akasugua uso wa habu kwa brashi ya waya isiwe ni kutu au uchafu unadanganya, akapima habu yenyewe uchi: 0.05, wakati pale mshale unatakiwa karibu usisogee kabisa. Na akanieleza kwamba pale katikati kosa ni dogo, ila diski ni pana, kadri unavyoenda ukingoni kosa linakua, kama mlango ambao bawaba imepinda kidogo ila ukiangalia upande wa kitasa umening'inia sentimita nzima.

Kwa hiyo ilikua hivi, na nitaeleza taratibu maana hiki ndo kitu ambacho miezi yote hiyo hakuna aliyenieleza. Habu ndo kile chuma kinachozunguka ambacho diski na tairi vinafungwa juu yake. Yangu ya kushoto ilitoka kiwandani imekaa upande, kidogo mno jicho halioni. Ukifunga juu yake diski iliyonyooka kabisa, inazunguka kwa kuyumba. Hapo mwanzo hujisikii chochote, kwa sababu unene wa diski ni sawa pande zote na kalipa inaelea inaifuata. Shida inaanza wakati HUJAKANYAGA breki. Ukiwa unatembea tu barabarani, ule upande uliotokeza unagusa pedi kila mzunguko, unakwaruzika kidogo sana pale pale kila mara. Tairi la gari kama yangu kwenye 100 linazunguka kama mara 13 kwa sekunde, kwenye kilomita elfu nne linakua limezunguka karibu mara milioni mbili. Taratibu sehemu ile inakua nyembamba. Akachukua maikromita akapima unene wa diski sehemu nane kuzunguka, tofauti ilikua 0.02 tu, na hiyo inatosha mguu na usukani kuisikia. Sasa ukikanyaga, pedi zinapita kwenye nene, nyembamba, nene, nyembamba, ndo ile tu-tu-tu.

Ndo maana walipochonga ikapona, maana mashine inaifanya diski iwe na unene mmoja. Ndo maana mpya nayo ikapona. Na ndo maana zote zilirudi kwenye elfu nne, kwa sababu habu iliyoziharibu haikuguswa na mtu. Kubadilisha pedi hakungeweza kusaidia chochote.

Na pedeli kuingia ndani pale Kitonga? Nikamuuliza hilo kwa hofu maana ndo lilikua linaninyima usingizi. Akasema diski inayoyumba inazisukuma pedi na pistoni zirudi nyuma, zinakaa mbali na diski kuliko kawaida, kwa hiyo mguu wa kwanza unatumika kuzisogeza mpaka zifike, wa pili ndo unakaza. Ndo maana mafuta hayakupungua na hakuna kilichovuja. Kuhusu maji kupinda diski akasema usiiegemee sana hiyo hadithi, maji kwenye diski ya moto sio mazuri na ni kweli usiyapige pale ukitoka safari, lakini diski nyingi watu wanazosema zimepinda hazijapinda, ni unene umepishana, au pedi imeacha alama kwa sababu mtu ameshuka mlima breki zimechemka halafu akasimama ameng'ang'ania pedeli sehemu moja.

Akanionyesha na kitu kingine, nati za tairi. Moja aliifungua kwa mkono mmoja, nyingine alipanda juu ya spana kwa uzito wake wote. Akasema hizi zimefungwa na ile mashine ya upepo, mtu anapiga trrrr mpaka aridhike, kila nati na kazo lake, na hiyo peke yake inaweza kuivuta diski ikae upande hata kama habu ni nzima. Zinatakiwa zifungwe kwa msalaba, moja halafu ya ng'ambo yake, na mwisho toki renchi (spana inayopima kazo) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Yeye akazifunga hivyo.

Akaacha diski kwenye lile tundu la 0.09 akaniambia hii itakufikisha Dar, shuka mlima kwa gia, kabla hujafika kona gusa pedeli kidogo uzisogeze pedi, na usitengeneze kwangu, wakatengeneze waliokuuzia. Akaniandikia vipimo vyote kwenye karatasi ya daftari, tarehe, kilomita, kushoto, kulia, matundu matano, habu, akachora na mchoro, akasaini. Masaa mawili na nusu. Akataka shilingi elfu arobaini. Nikataka kumuongeza akakataa, akachukua maji ya kunywa tu niliyokua nayo kwenye gari.

Huyo mzee kama kuna nyota tano mi nampa zote. Hakubadilisha kifaa hata kimoja, alipima tu.

Dar nikaandika barua. Mume wangu alinisaidia ikawa fupi, kurasa moja: tarehe nne za kwenda kwao, kilomita za kila siku, walichofanya, ikarudi baada ya kilomita ngapi, na vipimo. Nikaambatanisha nakala za jobu kadi zote (zitunzeni hizi karatasi jamani, hata zile za "imekaguliwa iko sawa", hizo hasa, maana zinaonyesha ulisema tatizo lipo tangu kilomita 5,000). Nikaandika kwamba pedi na diski nakubali ni vitu vya kuisha, ila habu sio kitu cha kuisha, na nadai habu ndani ya waranti na nirudishiwe hela ya kuchonga na ya pedi. Mwisho nikaandika nakala: Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa sheria ya ushindani ya mwaka 2003, maana ndo inayoshughulika na mlaji. Nakala kweli niliiandaa ila nilisema nitaipeleka baada ya siku 14.

Siku ya tatu nikapigiwa na meneja wa sevisi mwenyewe, ambaye miezi yote sikuwahi kumuona. Akaniita, tukakaa, karatasi ya mzee iko mezani. Mwanzoni akaanza na "gereji za nje hatuwezi kutumia vipimo vyao". Nikamwambia sawa, pimeni vyenu, mimi nasubiri hapa. Akaita fundi mmoja kijana, kipimo wanacho, tena kizuri kuliko cha mzee, kilikua kwenye droo na plastiki yake. Yule kijana alipima vizuri kabisa, anajua kazi, nilimuuliza taratibu mbona siku zote hamkupima akasema jobu kadi ikiandikwa "badilisha pedi" yeye anabadilisha pedi, ana gari saba za kumaliza siku hiyo. Nilimuelewa. Hapo shida sio fundi, ni aliyeandika kazi bila kutafuta chanzo.

Walipata 0.09, ile ile aliyoiacha mzee. Meneja akafungua kitabu chao cha ufundi, kikomo 0.05. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Mama, hili ni letu." Na kuanzia pale sina baya la kusema. Habu na beringi yake waliagiza, ikachukua wiki tatu, wakanipa gari nyingine ya kutumia bila mi kuomba. Wakabadilisha habu, diski mbili mpya na pedi mpya, wakanirudishia hela ya kuchonga na ya pedi za mwanzo. Nikaomba wanipimie mbele yangu kabla tairi halijarudi: kushoto 0.02, kulia 0.03. Wakaandika kwenye jobu kadi. Nati wakafunga kwa toki renchi nikiwa nimesimama pale pale.

Watu wananiuliza ndo hizo gari mpya, si bora yadi. Mi siamini hivyo. Gari mpya nayo inatoka na kasoro, hata kampuni kubwa inatokea, Februari 2010 Toyota waliita magari zaidi ya laki nne duniani, mengi Prius, kwa sababu ya programu ya ABS, na waliyarekebisha bure. Ningekua na gari ya yadi hii habu ningeinunua mwenyewe, tena pengine ningepewa ya mtumba nayo imekaa upande. Waranti ilinisaidia. Ila ilinisaidia mwezi wa kumi tangu ninunue gari, baada ya mimi kubeba namba kutoka Iringa, na katikati hapo nilimshusha mama yangu Kitonga na breki zisizo sawa wakati kipimo kiko kwenye droo yao. Hilo sijalisahau na nilimwambia meneja hivyo hivyo, akaomba radhi, na nikamuona anaandika.

Kwa hiyo kwa anayefikiria kununua pale: gari nunua, mauzo yao ni waungwana, kahawa nzuri. Gereji nenda, ila kama una tatizo la breki usikubali neno "tumekagua". Uliza mmepima nini, imesoma ngapi, kikomo ni ngapi, na iandikwe. Kama mtetemo unarudi kila baada ya kilomita zile zile mwambie neno habu kabla hajakuambia neno diski. Na mpeleke fundi barabarani mwendo wa 90, usikubali azunguke mtaani.

Leo gari ina kilomita 27,600, elfu tisa na mia nne tangu ibadilishwe habu. Nimeshapita ile elfu nne mara mbili na zaidi, Kitonga nimeshuka mara mbili, moja na mvua, pedeli iko juu na usukani umetulia. Mzee wa Ipogolo nilimpitia mwezi uliopita na kilo mbili za samaki wakavu kutoka feri, akaniambia nipaki apime. Nikamwambia mzee imeshapona. Akasema najua, paki nipime. 0.02.

Sevisi ya elfu thelathini ni mwezi ujao, na nimeshawatumia ujumbe kwamba kwenye jobu kadi iandikwe kabisa, nati kwa toki renchi, mashine ya upepo isiguse tairi zangu.